Kitabu cha ubatizo kimesema babu si wa ukoo wetu, sasa baba mkubwa hapokei simu yangu

Shangazi shikamoo,

Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Iringa mjini ila kwetu ni Mufindi, ndani kabisa kule kwenye ukungu na chai. Naomba unishauri maana hii ni wiki ya tatu silali vizuri, hadi kazini wananiuliza kama naumwa.

Iko hivi. Baba yangu alifariki 2011 akaniacha na maswali mengi ambayo nilikuwa najiambia siku nikitulia nitamuuliza, siku yenyewe haikufika. Mwaka jana rafiki yangu akanipeleka kwenye kikundi cha watu wanaotafuta historia za koo zao. Hamna mtaalamu pale, kuna wastaafu watatu, mmoja alikuwa mwalimu mmoja karani kiwanda cha chai, kuna nesi, kuna kijana wa bodaboda anayetafuta upande wa mama yake, na sisi wengine. Tunakutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha kuazima, kila mtu na daftari lake na karatasi ya manila, unachora ukoo wako unabandika ukutani kwa selotepu halafu wenzako wanakuuliza maswali mpaka unagundua kumbe hujui hata bibi yako alikuwa na dada wangapi. Shangazi nilipenda mno, yaani nilikuwa nasubiri Jumamosi kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Sasa mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikwenda parokia moja ya zamani kwa shughuli zake, akaruhusiwa kuangalia kitabu cha ubatizo, akakuta jina la babu yangu akanipigia picha kwa simu haraka haraka. Picha imekatwa pembeni ila mstari unasomeka. Mwaka 1938, jina la ubatizo la babu, halafu "annorum 11" ambayo tuliambiwa ni miaka kumi na moja, jina la mama yake babu lipo sawasawa kama tunavyolijua nyumbani, lakini kwa wanaume kuna jina ambalo sijawahi kulisikia maisha yangu yote. Jina letu la ukoo linaanza na Mwa, hili linaanza na Chi. Mzee mmoja kwenye kikundi, ambaye tunamheshimu sana, akasema hapo hapo kwamba majina ya Chi ni ya Nyasa (Malawi ya leo), kwa hiyo baba yake babu alikuwa mtu wa Nyasa atakuwa alipitia huku akienda kwenye dhahabu ya Chunya, akazaa akaendelea na safari. Wote wakakubali, hata mimi. Na nikakumbuka bibi aliwahi kuniambia nikiwa mdogo kwamba "babu yako hapa alikuja mgongoni", nilikuwa sijawahi kuelewa ana maana gani.

Kosa langu ni hili. Usiku ule ule nikairusha picha kwenye grupu la WhatsApp la familia nikaandika jamani nimepata kitu kikubwa, kumbe asili yetu ni Nyasa. Nilidhani watafurahi. Asubuhi naamka meseji zaidi ya mia. Watoto wa babu mdogo (mdogo wake babu) wakaanza kusema kumbe ndio maana, kumbe nyie mlikuja mgongoni, sasa shamba la misindano (miti ya mbao) mmelipataje. Hilo shamba Shangazi liko kwenye mahame, pale tulipokuwa tunaishi kabla ya watu kuhamishiwa kijijini 1974, baba mkubwa alipanda misindano 2005 na sasa imekomaa, tayari kuna mtu wa dingdong (zile mashine za kupasulia mbao) amekuja kuipima avune kiangazi hiki. Kuna mmoja akasema twendeni tukapime DNA wote ijulikane.

Baba mkubwa akanipigia mara moja tu. Akasema, "Umenivua nguo mbele ya watoto wa baba mdogo." Akakata, akajitoa kwenye grupu, mpaka leo hapokei simu yangu. Bibi anaishi kwake, hajaambiwa chochote, ana miaka inayokaribia tisini na mimi naogopa akija kusikia kwa watu.

Niache kikundi? Nikubali DNA? Na nitaanzia wapi kwa baba mkubwa, maana ndiye baba niliyebaki naye.

Mjukuu, Iringa

*

Marahaba mwanangu, na kamwene.

Nimeisoma barua yako mara mbili jana na mara moja leo asubuhi kabla sijaanza kuandika, na nilichoona ni mtoto aliyefiwa na baba yake anamtafuta kwenye makaratasi. Hilo si kosa, usikubali mtu akuambie unachimbua makaburi. Kosa lako ni moja na umeshalitaja mwenyewe, ulichukua habari ambayo bado haijathibitishwa, inayomhusu mama mzaa babu yako na heshima yake, ukaitupa mbele ya watu arobaini kabla hujamwambia hata mmoja kati ya wale wawili walio hai ambao ni ya kwao kwanza, bibi na baba mkubwa. Tutafika hapo. Ila kwanza nataka tukae kwenye ule mstari wa kitabu, maana mimi nina wasiwasi mkubwa kwamba nyumba yenu inaungua kwa sababu ya herufi tatu zilizosomwa vibaya.

Jiulize nani alishika kalamu. Mwaka 1938 parokia za Iringa zilikuwa chini ya wamisionari wa Consolata, na hao ni Waitaliano, wa Torino, walianza kuja Iringa 1919 baada ya Wabenediktini Wajerumani kuondoka kwa sababu ya vita. Sasa Mwitaliano akisikia "ki" anaandika "chi". Ndivyo lugha yao ilivyo, chi kwao inasomwa ki, na ile "chi" yetu sisi wao wanaandika "ci". K na W hazimo kwenye maneno yao ya asili na H hawaitamki. Chukua karatasi uandike majina ya hapo hapo kwenu Iringa yanayoanza na Ki, andika Kikoti, andika Kindole, andika Kihongosi, halafu mpe Mwitaliano ayaandike kwa sikio lake, atakuandikia Chicoti, Chindole, Chiongosi. Umeona? Mtu akisoma Chicoti bila kujua hilo lazima aseme huyu ametoka Nyasa. Wapo mapadri waliozoea haraka wakaanza kutumia K kama sisi na wapo walioendelea kuandika kwa mkono wa kwao, kwa hiyo rudini kwenye ukurasa ule mwangalie mistari ya juu na ya chini, padri yule yule akiandika majina ya watu na vijiji mnavyovijua anaziandikaje. Kama Kalenga kaandika na C basi jibu mnalo.

Wajerumani nao walikuwa na yao. Mkwawa mwenyewe, mtu aliyewapiga Lugalo Agosti 1891, kwenye makaratasi yao mengi ameandikwa Quawa. Kama mtawala waliyepigana naye mpaka 1898 jina lake liliandikwa hivyo, mtoto wa miaka kumi na moja aliyepanga foleni na wenzake siku ya ubatizo unategemea wangehangaika naye?

Halafu kuna suala la picha kukatwa pembeni. Kitabu cha ubatizo kina safu na kila safu ina kichwa chake juu. Kuna safu ya wazazi, "parentes", na kuna safu ya wasimamizi wa ubatizo, "patrini". Msimamizi mwanaume anaitwa "patrinus" na baba ni "pater", mtu asiye na Kilatini akiviona kwenye picha ya simu iliyopigwa haraka anavichanganya kirahisi kabisa, na msimamizi mara nyingi alikuwa katekista au Mkristo mzima wa misheni ambaye hana undugu na mtoto. Nyie mna uhakika hilo jina lilikuwa safu gani? Kwenye barua hujasema, umesema tu "kwa wanaume kuna jina". Na kama kweli ni safu ya wazazi, angalia kama karibu na jina la baba kuna "pag.", hiyo si sehemu ya jina, ni kifupi cha kusema baba alikuwa bado hajabatizwa. Usiache pia ile safu ya mwisho ya maelezo, watu wengi hawaisomi na ndiyo yenye utajiri, maana Kanisa Katoliki linarudisha habari ya ndoa kwenye kitabu cha ubatizo, utakuta babu alifunga ndoa lini, wapi na nani, hapo unapata njia ya kitabu kingine ambacho kinaweza kuwa kimemuandika baba yake vizuri zaidi.

Hii kazi usiifanye kwa picha ya kuibia tena. Nenda mwenyewe, mwone paroko, jitambulishe mjukuu wa nani, omba akuonyeshe mstari wa babu yako. Ukurasa mmoja una siri za nyumba kumi na kila nyumba ina watu wake walio hai, ndio maana vile vitabu vinafungiwa kabatini.

Sasa tuseme umekwenda, umekuta ni safu ya wazazi kweli na jina ni la Ki kweli, bado si la Mwa. Je, babu si wa ukoo? Hapana mwanangu, taratibu. Haya mambo ya jina moja la ukoo linaloshuka toka babu mpaka kitukuu tumeyazoea sisi tuliosomeshwa na kujaza fomu. Mwa maana yake ni wa fulani, mtoto au kizazi cha fulani, Mwamuyinga ni wa Muyinga. Padri akimuuliza mtoto "baba yako nani?" mtoto anamtaja baba yake kwa jina analoitwa pale nyumbani, hataji ukoo. Kwa hiyo lile la Ki linaweza kuwa ndilo jina lenyewe la baba yake babu, na Mwa yenu ni ya mtu wa juu zaidi yake. Kwenye manila zenu mnaandika majina mawili kwa kila mtu au moja? Wekeni nafasi ya mawili, ya matatu hata.

Nikuambie la kwetu. Babu yangu mzaa mama ni wa huku Rungwe. Enzi za manamba, wakati wenye mashamba ya katani wameunda SILABU yao mwaka 1944 ya kukusanya vibarua na huku nyanda za juu watu wanapakiwa kwenye malori kwenda Tanga na Morogoro, babu alikuwa na rafiki yake aliyejiandikisha, siku ya safari rafiki akaamka na homa, babu akaingia kwenye lori kwa jina la yule rafiki. Kipande chake cha kazi, zile siku thelathini zinazohesabiwa moja moja, kikaandikwa jina lile. Akarudi nyumbani na jina lile. Karani wa kodi ya kichwa akalinakili, mama yangu akapelekwa shule nalo, na mimi ninalo kwenye cheti changu cha kuzaliwa upande wa mama. Tulilijua hilo baada ya msiba wa babu, kwenye kasha lake la bati, chini ya blanketi la kijivu, stakabadhi za kodi zimekunjwa mara nne zimefungwa kwa uzi wa katani, za mwanzo zina jina moja na za baadaye jina lingine. Mtu huyo huyo, kijiji hicho hicho. Angekuwa na adui angesema ni watu wawili.

Basi na nyumbani kwenu lazima kuna kasha. Uliza.

Lile neno la bibi la "alikuja mgongoni" sitaki nilipuuze, kwa sababu bibi zetu hawatupi maneno. Linaweza kuwa na maana ambayo mnaiogopa, kwamba mama yake alikuja kuolewa pale akiwa tayari na mtoto. Linaweza pia kuwa na maana ya kawaida kabisa kwamba familia ilihama kutoka kwingine mtoto akiwa mchanga, watu wamehama sana huko kwenu, mashamba ya chai ya Mufindi yalipoanza watu walisogea, dhahabu ya Lupa huko Chunya miaka ya 1930 ilichukua wanaume wengi na wengine hawakurudi. Na mwanaume akifa au akipotea, mjane alikuwa anarithiwa na ndugu wa mume, mtoto anakua akimwita baba mdogo wake baba kwa sababu ni baba yake, Kiswahili chenyewe kinasema baba mdogo. Mtoto wa namna hiyo ukimuuliza jina la baba siku ya ubatizo atamtaja yupi? Aliyemzaa au anayempa chakula?

Na hata ikiwa ni ile maana ya kwanza, nakuambia wazi kabisa, wazee wetu walishasema kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyefika mgongoni akalelewa pale, akalima pale, akaitwa jina la pale, akazika wazazi pale, ni wa pale. Mzee aliyempokea alishalimaliza hilo zaidi ya miaka themanini iliyopita na hao wanaotaka kulifungua leo wameona mbao zimekomaa.

Kwa hiyo tuzungumze mbao. Shamba halisimami kwenye kitabu cha ubatizo. Ardhi ya kijiji inakwenda kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, anayetambua nani anatumia eneo gani ni halmashauri ya kijiji na hati ya kimila inatoka huko, na mambo ya mirathi ya babu na ya baba yako yana njia yake, kikao cha ukoo halafu mahakama ya mwanzo kwa msimamizi wa mirathi. Kama baba mkubwa hana karatasi yoyote amwone mtendaji wa kijiji mapema kabla mashine haijaingia shambani. Wewe katika hilo usiwe msemaji, na umwambie hivyo kwa mdomo wako. Kaa upande wake uone, mtoto wa marehemu anaanza kuuliza asili ya babu mwaka ule ule misindano inapopimwa, na wewe ungekuwa yeye ungefikiri nini? Nina hakika nusu ya hasira yake ni hiyo, anadhani umetumwa.

DNA hapana. Kwanza hapa kwetu vipimo vya vinasaba vina sheria yake ya 2009 na viko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, si kitu cha familia kukubaliana kwenye grupu halafu mkaenda kukata tiketi. Pili hata majibu yangetoka hayatakuambia nani alimtengenezea babu yako jembe la kwanza. Mtu akikuuliza tena mwambie bado tunawasikiliza wazee, unyamaze.

Kwa baba mkubwa usipige simu tena. Simu ameikataa, iache. Una shangazi? Dada wa baba yako na wa baba mkubwa, huyo ndiye mlango. Mpelekee yeye kwanza, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi bila kupunguza sehemu inayokuaibisha, mwombe akutangulie. Mkienda nendeni asubuhi siku ambayo si ya soko, beba sukari, beba sabuni, na kitenge cha bibi usisahau, ukifika ingia jikoni usalimie wanawake kwanza. Ukishaitwa sebuleni kaa chini, mwache shangazi aseme, zamu yako ikifika sema sentensi chache tu. Sema, baba nilikosea, jambo la nyumbani kwetu nililitoa nje kabla sijakuletea wewe, na nililisema kama kweli wakati sikuwa na uhakika nalo, naomba unisamehe, na shamba sijaja kulitafuta. Halafu nyamaza hata akifoka. Usianze siku hiyo hiyo kumweleza habari za Waitaliano na herufi zao, hata kama mdomo unakuwasha, akija kupoa mwenyewe atakuuliza "hivi ile karatasi inasemaje" na hapo ndipo utaitoa.

Kwenye grupu la familia andika mara moja tu, fupi, kwamba ulisoma vibaya, picha haikuonyesha ukurasa wote, unaomba radhi kwa wazee wote wa pande zote mbili. Ifute na ile picha kama bado inafutika. Yule wa "kumbe ndio maana" usimjibu.

Sasa bibi. Huyu ndiye kitabu chenu na kinakaribia miaka tisini, mimi ningekuwa wewe ningekwenda huko hata kwa kupanda pikipiki kwenye matope. Baba mkubwa akisharidhia (akisharidhia, si kabla) omba ulale siku mbili tatu. Usimwekee daftari mbele ya uso wala usianze na swali la baba wa babu ni nani. Kaa naye jikoni jioni, mmenye viazi, moto uwake, mwulize habari zake yeye, aliolewaje, mahari ilikuwa nini, mama mkwe alimpokeaje siku ya kwanza. Mama mkwe wake ndiye huyo mama mzaa babu ambaye jina lake liko kwenye kitabu! Wamekaa jiko moja hao, wamepika pamoja, na mkwe aliyekaa miaka na mama mkwe wake anajua mambo ambayo watoto wa kiume wa nyumba ile hawakuwahi kuambiwa. Mwaka usimuulize, mwulize kwa matukio. Fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga (hiyo ni 1954) ulikuwa umeshaolewa? Siku ya Uhuru ulikuwa na watoto wangapi, nani alikuwa mgongoni? Tulipohamishwa kwenda kijijini nani alikuwa tumboni? Kutoka hapo utahesabu mwenyewe. Na uliza mwiko wa ukoo, kile ambacho watu wa nyumba yenu hawali, na uliza babu alikuwa anasalimiwaje na wazee wenzake, maana jina la fomu linabadilika kwa karani lakini mwiko mtu anaufuata mpaka kufa, na kama mwiko wa babu na wa mdogo wake ulikuwa mmoja hilo lina uzito kwenye kikao kuliko kipimo cha maabara.

Akikuambia jambo zito, akakwambia hili libaki hapa, libaki hapo. Kwenye manila unaweza kuacha nafasi wazi na hakuna atakayekufa.

Kikundi usiache. Nakwambia kwa moyo wote usiache, kwa sababu watu kama hao wa kukaa Jumamosi nzima wakihangaika na bibi wa mtu mwingine ni wachache sana, na nchi hii wazee wanaondoka kila wiki na yote wanayoyajua. Ila rudi uwaambie lililokupata, mbele ya yule mzee pia, kwa heshima na bila kumsuta, yeye alisema alichojua. Pendekeza mkubaliane mambo mawili tu. Picha ya kitabu cha mtu anaiona mwenye ukoo peke yake kwanza, na jina lolote jipya linaandikwa kwa penseli mpaka lipatikane mahali pa pili, iwe kitabu kingine, stakabadhi, au mdomo wa mzee ambaye hakuwa anajua mnatafuta nini. Na yule mtakayempata anayejua Kiitaliano au Kilatini kidogo, sista wa zamani, mseminari aliyeacha, mkaribisheni chai, mtamhitaji kuliko mnavyodhani.

Kuna jambo moja la mwisho na hili lina haraka kuliko yote. Umesema shamba la misindano liko kwenye mahame, pale mlipokuwa kabla ya 1974. Watu walipohamishwa walibeba milango na mabati na kuku, makaburi hawakuyabeba. Mama mzaa babu kazikwa wapi? Kama alifariki kabla ya kuhama basi yuko pale pale, katikati ya hiyo misindano, na kaburi la miaka hiyo ni mawe tu na labda mti uliopandwa kichwani, aliyelipanda shamba 2005 anaweza kuwa analijua na anaweza kuwa amesahau, kijana wa dingdong ndio hajui kabisa. Atakata, ataburuta magogo, trekta litapita juu.

Hili mwambie baba mkubwa siku ile ile ya kwanza, baada ya kuomba msamaha. Mwombe bibi achukuliwe kwa gari mpaka shambani kabla ya mvunaji kuingia, mshikeni mkono, aonyeshe kwa fimbo yake. Aliyelala pale ni mama mkwe wake, mtu wenu yule yule aliyebeba mtoto mgongoni. Beba kamba na vigingi vinne, na ukitoka niandikie kama mlipaona.

Shangazi yako, Mbeya